Akwariumu ya bahari ya lita 60 apa Lubumbashi: kioo na lampi iko muzuri, lakini tafuta mayi na batri kwanza

Nianze na jibu, juu bandugu bengi banalombaka paka hiyo, kama kit ya akwariumu ya bahari ya lita 60 inafaa kununua: ndiyo, ile kit iko muzuri, na leo tena ningeinunua. Lakini usiinunue peke yake. Ku karto baliweka picha ya matumbawe ya rangi yote na samaki ya orange, unawaza unachomeka tu prizi, unamwanga mayi, unatia chumvi, basi bahari imefika ku salon. Haiko vile. Kit ni nusu ya kazi, nusu ingine haimo mu karto: mayi safi kabisa, na umeme ya kuzungusha ile mayi usiku wakati kartie muzima iko mu giza. Mu muji yetu hii ya shaba, hizi mambo mbili njo zinaamua kama utakuwa na matumbawe ao sanduku ya mayi yenye kunuka.

Kit yenyewe inatoka Chine, haina jina kubwa, niliipata ku magazini moja ya sentavil yenye kuuzisha bintu bya samaki na ba mbwa, karibu dola 160 nyuma ya kubishana bei. Ndani yake: kioo ya milimita 5 na kifuniko, lampi ya LED ya wati 18, byumba bitatu bya filtri ku mugongo ya kioo, pompi kidogo, rezistansi ya wati 100 ya kupasha mayi, skima kidogo (mashini ya kutoa uchafu na povu), densimeta ya plastiki ya kupima chumvi, na kifuko ya chumvi ya bahari yenye haifike ata kwa kujaza mara moja.

Kioo kwanza. Nilipitisha kidole ku kona zote ine, silikoni imepakwa sawasawa, hakuna fasi yenye tumatundu twa hewa. Niliijaza mayi ya kawaida inje ku baraza, nikaiacha siku muzima juu ya makaratasi, makaratasi ikabaki kavu, ufanye vile na ya kwako mbele ya kutia ata kijiko moja ya chumvi. Na fikiria uzito. Lita moja ya mayi ya bahari inapita kilo moja, ukiongeza mawe, muchanga na kioo yenyewe unafika karibu kilo 80, kwa hiyo ile meza ya televizio yenye miguu myembamba uisahau kabisa. Mimi fundi ya mbao alinitengenezea meza ya nguvu, na nilimulomba aipime na nivo pale pale ku fasi itasimama, juu simenti ya manyumba yetu haiko sawa kila fasi, na kioo ikiinama, upande ya chini njo inabeba shida.

Lampi njo ilinifurahisha zaidi. Tumbawe si majani, ni nyama, lakini mu mwili yake munaishi mwani ya kidogo sana yenye jicho haiwezi kuona, ile mwani inakamata mwangaza inatengeneza chakula, na chakula mingi inabakia tumbawe. Ukikosea mwangaza unamulaza na njaa. Tena mu bahari rangi nyekundu inakufia karibu na juu, bulu njo inashuka mbali, njo maana lampi ya bahari iko na taa ya bulu mingi, na ile lampi ya samaki ya mayi ya kawaida haiwezi kuchukua fasi yake. Hii ya kit iko na switchi mbili, ya bulu na ya nyeupe, kila moja peke yake. Nawashaka bulu asubuhi, nyuma nyeupe, yote pamoja masaa nane hivi, ikizidi pale mwani ya kijani inaanza kupaka kioo na mawe. Ku dirisha yenye jua usiiweke.

Niko na Discosoma moja ya rangi nyekundu. Bulu ikiwaka asubuhi inakuwa imejikunja, pembeni yake imeingia ndani, halafu polepole inajitandaza mpaka inalala sawa juu ya jiwe kama chapati, na juu ya ngozi yake unaona tudoti twa bulu-kijani twenye haikuonekana na taa nyeupe. Ile tu inanitosha mbele ya kwenda kazi. Kwa matumbawe ya laini kama Discosoma, Zoanthus, Xenia na Sarcophyton ya kidogo, wati 18 inaenda vizuri. Lakini muuzishaji akikuambia utatia Acropora, tumbawe ya mifupa, chini ya hii lampi, muache aseme. Acropora inalomba mwangaza ya nguvu, mayi yenye kukimbia sana, na kalsiamu yenye haishuke haipande, na mu lita 60 kila kitu inabadilika haraka.

Filtri ya mugongo: mayi inaingia juu, inapita ku eponji, ku karboni, ku tupete twa seramiki, pompi inairudisha mbele. Pompi inakula wati 5 tu, na iko ya volti 12 na transfo yake, shika hii ya volti 12 mu kichwa, nitarudilia. Haipige kelele, usiku nalalaka chumba ya pembeni siisikie. Eponji njo ya kuchunga, inakamata uchafu muzuri, lakini ukiusahau mule unaoza na nitrati inapanda. Mimi naikamulaka kila juma mu ndoo ya mayi ya bahari yenye nimetoa, ku robine hapana, klorini inaua bakteria. Na kazi kubwa ya kusafisha inafanywa na bakteria yenye kukaa mu matundu ya mawe. Mu miaka ya 1960 mutu moja ya Jakarta, Lee Chin Eng, alionyesha kama mawe yenye uhai, jua na hewa ya pompi kidogo inaweza kushikilia samaki na matumbawe bila mashini mingi, na mpaka leo akwariumu za matumbawe zinasimama juu ya ile wazo. Kwa hiyo franga yenye ungeweka ku filtri kubwa, weka ku mawe ya muzuri yenye matundu mingi. Nilitia karibu kilo 6, kavu, ya aragonite, jiwe ya kalsiamu.

Skima ya kit nimeitoa. Inapiga kelele, povu yake ni mayi mayi tu, haishike uchafu. Mu lita 60, ukibadilisha asilimia 10 ya mayi kila juma na usipolisha samaki kupita kiasi, hautaona hasara ya kukosa skima. Ni kitu ya dola kumi hivi balichomeka mule juu karto ijae.

Densimeta ya plastiki nayo, apana. Iko na kile kisindano chenye kupanda na kushuka, kinakosea rahisi, ya kwangu ilikuwa inasema 1.022 (uzito ya mayi kulinganisha na mayi safi) wakati refraktometa, kipimo ya chumvi yenye kutumia mwangaza, inasema 1.026, na ile si tofauti ya kucheka nayo, ungeamini plastiki ungezidi kutia chumvi. Mayi ya bahari yenye matumbawe inapenda iko na gramu 35 ya chumvi kwa kila kilo ya mayi, sawa na 1.025 mpaka 1.026 ku digrii 25. Nunua refraktometa, na uirekebishe na mayi ya kipimo ya gramu 35 yenye inauzishwa kwa ile kazi, usirekebishe na mayi safi tu, juu inaweza kuwa sawa ku zero na kukosea kule juu fasi unapima.

Chumvi: kile kifuko cha kit ni cha kuonja. Inalomba karibu gramu 36 ya chumvi ya akwariumu kwa lita, kwa hiyo karto ya kilo 4 inatengeneza lita kama 110. Mawe na muchanga inakula fasi, mu kioo ya lita 60 munaingia karibu lita 50 ya mayi, ile inakula kilo 1.8, na inayobaki inakutosha kubadilisha lita 6 kila juma kwa majuma kumi hivi. Pigia hesabu ile mbele. Na bengi banalomba kama chumvi ya jikoni inaweza, haiwezi. Ku chumvi ya bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85, ile ingine ni maniezi (magnesiamu), salfeti, kalsiamu, potasiamu na bingine, na tumbawe linajenga mwili na kuishi na bile byote. Chumvi ya soko inakupa paka bile bya kwanza.

Sasa mayi, apa nitakaa.

Shaba inaua bintu bya bahari bisivyo na mugongo: matumbawe, kreveti, konokono, kaa. Haihitaji mingi. Samaki yenyewe inaweza kuvumilia kidogo, njo maana kuna dawa za samaki zenye shaba za kutibu madoa meupe, na ile dawa haiingie hata siku moja mu kioo yenye matumbawe, juu shaba inajificha mu mawe na muchanga na kurudi kutoka nyuma kidogo kidogo. Sasa sisi tunaishi juu ya shaba. Iko mu udongo, iko mu mawe, kuna manyumba ya zamani yenye tiyo za shaba mu ukuta. Mujirani moja ya kartie Bel Air alijaza kioo yake na mayi ya foraji (kisima ya kuchimba na mashini), ilikuwa inaangaza muzuri sana kwa macho, akatia kreveti mbili na hazikuona asubuhi, na wakati tulipima ile mayi na kipimo ya shaba, rangi ilipanda. Mayi yenye kuangaza haimaanishe mayi safi. Na tafazali, ile malakiti ya kijani yenye banachonga na kuuzisha kwetu, yenye iko muzuri sana ku meza, usiiweke mu kioo kama mapambo. Malakiti ni shaba yenyewe. Mawe ya njia pia apana.

Kwa hiyo filtri ya osmozi, yenye kusukuma mayi mu membrani ya matundu ya kidogo sana, inakuya mbele ya samaki, mbele ya matumbawe, mbele ya lampi kubwa. Ya kwangu iko na mitungi mitatu ya kwanza, membrani, na ya mwisho ni rezini, inatoa mayi yenye kipimo ya TDS (bintu byenye kuyeyuka mu mayi) inaonyesha 0. Ikianza kuonyesha namba, rezini imechoka, badilisha. Kuna mambo mbili yenye muuzishaji hakuniambia na ningependa mutu mwingine ajue mbele. Ya kwanza, membrani inalomba presha, karibu bar 4 njo inafanya kazi muzuri. Tanki yenye iko mita tano juu ya nyumba inakupa nusu bar tu, mayi itatoka tone kwa tone na mingi yake itaenda ku uchafu. Tia pompi kidogo ya kusukuma, zinauzishwa pamoja na membrani, na ile itabadilisha kila kitu. Ya pili, kwa kila lita moja ya mayi safi, lita tatu ao ine inatoka pembeni. Usiimwange! Mayi inapatikana kwa taabu ku kartie mingi, bantu banaamka saa tisa ya usiku kujaza mabido, kwa hiyo ile ya pembeni nakingaka mu bido na kuosha nguo na kumwangilia matembele ku kiwanja. Mimi natengenezaka mayi ya juma muzima siku moja wakati presha iko muzuri, nafunika mabido, imekwisha.

Kuna benye kununua mayi ya distile, ile ya kutia mu batri za motokari. Inaweza kusaidia kwa kuongeza kidogo, lakini hakikisha chupa imeandikwa mayi ya distile, kuna chupa ingine ya kufanana sana pale pale ku etajere ni asidi ya batri. Kwa kujaza kioo muzima inakuwa bei kubwa kuliko osmozi yenyewe.

Na kila siku mayi inapunguka, juu inapanda hewani, chumvi inabaki. Wakati ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, ya kwangu inapoteza karibu lita moja kwa siku. Ukiacha siku tatu ine, chumvi inapanda na matumbawe inajifunga. Nimebandika kipande ya skochi nyuma ya kioo fasi ya mayi inapashwa kufika, asubuhi naongeza mayi ya osmozi mpaka ku ile mustari, mayi ya tamu, ya chumvi hapana. Watoto wa nyumba banajua ile kazi kunipita, niliandika ku bido "KUONGEZA" na ku bido ingine "KUBADILISHA" ili hakuna mwenye kuchanganya.

Tukuye ku umeme. Ku picha ya karto hakuna mutu mwenye kukaa mu giza. Pompi ikisimama, hewa haiingie tena mu mayi, na bakteria, samaki na matumbawe binaendelea kupumua, usiku ata mwani inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Mayi ya moto na ya chumvi inashika oksijeni kidogo kuliko mayi ya baridi ya mutoni, na sisi tuko juu, mita karibu 1,200, presha ya hewa apa iko chini ya ile ya bahari na asilimia kama 13, kwa hiyo oksijeni yenye kuingia mu mayi nayo inapunguka vile vile. Samaki yenye ingevumilia kule Mombasa masaa mingi bila pompi, apa haina ile nafasi. Delestaji (kukatwa umeme) ya saa moja haitishe. Ile ya usiku muzima njo inaua.

Njo apa ile pompi ya volti 12 inafanya nisifu hii kit kuliko kit za bei kubwa zenye pompi ya volti 220. Nilikata waya ya transfo nikaunganisha na batri ya litiamu ya volti 12, Ah 20, yenye inajichaji umeme ikiwako. Batri vile iko na karibu wati-saa 256, pompi inakula 5, hata ukitoa hasara unafika masaa 40 na zaidi. Bila inverta, bila kelele. Rezistansi nayo usiijaribu ku batri, wati 100 ingemaliza ile batri yote mu masaa mawili na nusu, na inverta yenyewe ingekula sehemu. Umeme ikikatika, acha rezistansi na lampi vilale, zungusha mayi tu. Matumbawe inaweza kukaa siku moja ao mbili bila lampi, haife. Kama hauna franga ya batri ya litiamu sasa, nunua ata pompi ya hewa ya kuchaji na USB, ile yenye bavuvi banatumiaka mu ndoo, na jiwe yake ya kutoa mapovu. Inaokoa.

Kuhusu baridi: bantu ba inje banaona Afrika, banawaza joto. Mwezi ya sita na ya saba apa usiku inashuka ata chini ya digrii 10, mu nyumba unavaa pulova, na matumbawe inapenda digrii 24 mpaka 26. Rezistansi ya kit inajitahidi, niliiweka ku 25, na kipimo ya pembeni yenye nilinunua inaonyesha 24 na nusu, sina neno. Kama umeme inakatika usiku ya baridi, funga bulangeti pande tatu za kioo na nyuma, uache juu wazi ili hewa ipite, lita 50 haipoteze joto haraka vile bantu banawaza. Mwezi ya kumi ni kinyume, joto inapanda mbele ya mvua, mayi inaweza kupita 29. Toa kifuniko, weka nyavu ili samaki isiruke, elekeza ventilateri kidogo juu ya mayi, inashuka digrii mbili ao tatu, lakini utaongeza mayi mara mbili kwa siku.

Kungojea. Kijana ya magazini, muzuri sana kwa adabu, aliniambia: "Mama, unamwanga hii chupa ya bakteria leo, kesho unatia samaki." Nikamujibu: "Mutoto yangu, niuzishie paka kipimo ya amonia." Mayi mupya haina bakteria ya kutosha. Uchafu na chakula yenye kuoza inatoa amonia, bakteria moja inaigeuza nitriti, ingine inaigeuza nitrati, na mbili za kwanza ni sumu. Ile mulolongo inajengeka mu majuma tatu mpaka sita, chupa inaweza kusaidia kupunguza lakini ni kipimo njo kinasema, si chupa. Nilitia kipande kidogo ya kreveti ya soko, nikapima mpaka amonia na nitriti zote zikafika zero, nyuma tu njo nikatia konokono mbili. Konokono zikitembea ku kioo na kula, ni alama muzuri kama shaba haimo mingi. Nyuma ya pale matumbawe, nyuma ya pale samaki.

Kipimo yenye natumia zaidi sasa ni ya alkali, yaani nguvu ya mayi ya kuzuia asidi. Unatia mililita 5 ya mayi mu kachupa, unadondosha dawa tone moja moja huku unatikisa, mayi inakuwa bulu, bulu, bulu, halafu tone moja inaigeuza njano. Kila tone ni digrii moja ya KH, njo jina ya ile kipimo. Mimi nataka 8 ao 9, bahari yenyewe iko karibu na 7. Ikishuka, kwa matumbawe ya laini kubadilisha mayi kunatosha, sijatia dawa ingine. Kalsiamu napima mara moja moja, iko ku miligramu 420 hivi kwa lita, maniezi karibu 1,300. Mwenye anataka matumbawe ya mifupa atapima mingi kuliko mimi.

Samaki na matumbawe yenyewe vinatoka mbali. Inchi yetu iko na bahari kidogo kule Moanda, pwani yenye haifike kilomita 40, na pale Muto Kongo inamwanga mayi tamu na matope mingi, miamba ya matumbawe haiwezi kuota. Za muzuri ziko upande ya Kenya na Tanzania, lakini zenye kufika apa zinapita mara mingi ku Afrika ya Kusini, mu ndege, mu mifuko yenye oksijeni. Lomba makaratasi. Matumbawe ya mifupa yote iko ku liste ya pili ya CITES, mapatano ya dunia juu ya biashara ya nyama na mimea ya pori, yaani haivuke mupaka bila ruhusa, na mwenye kuuzisha bila karatasi anakuuzishia shida. Kwa samaki, lomba zenye zilizaliwa mu akwariumu. Niko na klauni mbili, Amphiprion ocellaris, zilizaliwa kwa mufugaji, zinakula granula kutoka siku ya kwanza, hazikusumbua. Mbili zinatosha mu lita 60. Ile samaki ya bulu na njano yenye watoto banapenda, Paracanthurus hepatus, inakuwa ya santimeta 30, inalomba kioo ya lita mia nyingi, usiitie.

Kitu moja ya usalama yenye hakuna muuzishaji ananitajia. Zoanthus, na zaidi ndugu yake Palythoa, zinaweza kubeba sumu yenye inaitwa palitoksini, mbaya sana. Usikate bila ganti na miwani, usikwangue ku jiwe kavu, na usichemshe mawe yenye ilikuwa nazo, mvuke yake imelaza bantu hospitali mu inchi zingine. Kuangalia na kulisha hakuna neno. Watoto babakie na mikono inje ya mayi.

Huduma ya magazini: adabu kubwa, bintu biko, bei inashuka ukiongea muzuri. Elimu ya bahari bado, banajua samaki ya Tanganyika kuliko bya chumvi, na kwa samaki ya Tanganyika ningebatumia mutu yeyote. Garanti yao ni miezi tatu ku pompi na lampi, andika ku fakture, si kwa kinywa. Transfo ya lampi iliwaka moto sana majuma ya kwanza, nikaipeleka, bakanibadilishia bila maneno mingi.

Kama unaenda kuinunua, lomba bafungue karto mbele yako. Angalia kona za kioo, kwa zaidi za chini, washa lampi na switchi zote mbili, tia pompi mu ndoo ya mayi dakika tano. Soma ku mugongo ya transfo: inapashwa kuandikwa 12V DC. Kuna lot ingine ya karto ya kufanana yenye pompi ya 220, bei inapungua dola kumi na tano, ile iache ku etajere.